Birika la Mpaka Tutaonana Mbinguni

Pale Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mahali njia ya bomba la maji inapokutana na njia ya kanisa, kuna benchi la gogo la mkaratusi lililolalia mawe mawili. Wenye benchi wanaliita Bunge, ingawa halijawahi kupitisha sheria hata moja. Linachopitisha ni majina ya watu. Ukipita hapo na siri, ukifika kwako unaikuta imekutangulia, imekaa, imeomba na maji ya kunywa. Wakubwa wa Bunge ni watatu. Kuna Appolinaire, anayeitwa Diksioneri, maana hutunga maneno mapya kama kuku anavyotaga, na kila yai lazima alipigie kelele. Kuna Musoni, anayeitwa Makenke: zamani alikuwa akipeleka maziwa kwenye kambi ya jeshi ya Makenke kule Mbarara, na alichorudi nacho ni Kiswahili cha amri. Na kuna mzee wa kanisa Néhémie, anayeitwa Amina, kwa kuwa hulisema neno hilo wenzake wakiwa bado hawajamaliza. Kahawa ya hapo ilikuwa ya Orpa. Sasa ni ya Kantengwa. Moto uliwakia hapo.

Asubuhi hiyo Orpa alikuwa amekaa ncha ya benchi, upande wa wanywaji, mahali ambapo tangu afike Nakivale hakuwahi kuweka kitako. Mbele yake, juu ya jiko lake, lilikaa birika lake: la alumini, lenye tumbo, alilolinunua mwenyewe Nyamityobora, Mbarara, akalipakata ndani ya teksi mpaka nyumbani kama mtoto mchanga. Na nyuma ya birika alikaa Kantengwa juu ya kigoda, anakoroga kahawa kwa mwiko wa ugali. Orpa alitazama ule mwiko, akatazama pembeni.

Habari yenyewe kila mtu anaijua, lakini habari nzuri haiozi kwa kurudiwa. Orpa na mume wake Vénant waliitwa waende kuishi ng'ambo. Kanisa likawaaga. Kwaya iliimba mpaka mpiga ngoma akalia. Orpa akagawa vitu vyake: godoro huku, ndoo kule, kuku kwa mjane. Birika, jiko na kona yenyewe akampa Kantengwa mbele ya kusanyiko lote, machozi yakimtoka, akasema, "Shika, dada yangu, mpaka tutaonana mbinguni." Wakaenda Kampala. Kufika kule wakaambiwa kifua cha Vénant kipigwe picha tena, warudi walikotoka, wataitwa. Wakarudi, wakakuta vitu vyao vimekwisha kuzoea nyumba za watu. Vénant akajifungia ndani, kwa sababu kila akitoa kichwa mtu anamwuliza, "Eh, haukuende?" Orpa hakuweza kujifungia. Watoto hawashibi aibu ya baba yao.

Na kwa watu wa huku, zawadi ya kuaga hairudishwi. Kuiomba ni sawa na kuwaambia watu warudishe machozi yao machoni. Hata hivyo Orpa alikuwa amekuja kuliomba birika. Sentensi yake aliipanga tangu alfajiri, akaisafisha, akaikunja vizuri kama kitenge cha Jumapili.

— Mama Kantengwa, alianza, mimi nilikuwa naomba...

— Ngojeni! Diksioneri akaruka. Minapata neno ingine! Mutu mwenye anafikaka kwenu saa ile tu unafungua sufuria, anasema "mi nilikuwa napita." Huyo anaitwa munusasufuria.

— Huyo ni wewe, Makenke akasema.

— Jina haiko ya mutu, ni ya tabia.

— Basi tabia yako nakula kwangu jana.

— Amina, akasema Amina.

Orpa alivuta pumzi. Alianza upya.

— Mama Kantengwa, ile siku ya kuaga...

— Mimi pia iko na neno, Makenke akasema. Sikia. Muganda nakwambia "nakuja", halafu nasimama, naenda! Wewe nangoja, jua nazama, yeye hapana tokea. Hiyo mimi naita kujaenda. "Afande, niko kujaenda."

— Iyo ni nzuri! Diksioneri akapiga paja. Na ile simu unapelekaka ku chaji, unalipa, unairudisha, inazimika mu njia? Iyo ni chajihewa.

Orpa aliona sentensi yake inakunjuka, inachafuka. Akanywa kahawa ili asije akatukana. Makapi yakamjaa menoni.

— Mama Kantengwa, akasema huku akitema pembeni, kahawa yako inaelea makapi.

— Ukiona vyaelea, vimeundwa, Kantengwa akajibu, wala hakucheka.

— Na tangawizi iko wapi?

— Tangawizi ilienda Kampala.

Benchi likaguna. Hapo Orpa alijua kwamba Kantengwa anajua kilichomleta, na kwamba alikuwa amejiandaa kama yeye, pengine kumzidi. Diksioneri naye akanusa damu. Akageuka mzima mzima.

— Lakini, bandugu, mutu mwenye alishaagaka, kwaya ikaimba, bakamulilia, halafu asubuhi unamukuta anakunywa kahawa: huyo tunamwita nani?

— Musiniite kitu, Orpa akasema.

— Ameaga, amebaki. Mwagabaki!

Neno likatua kwenye benchi, likatoshea. Orpa alilisikia likishuka njia ya bomba. Kufika saa sita lingekuwa kwenye foleni ya maji, Jumapili kanisani, na siku ya soko lingepanda pikipiki kwenda Mbarara, na wanawake wa Nyamityobora wangemwuliza, "Wewe ndiye Mama Mwagabaki?"

— Hata jina lake mulitazame, akasema Amina, ambaye Biblia anaijua kwa kurasa. Mu kitabu cha Ruthu, Orpa ni nani? Alimubusu mama mukwe, akalia, akarudi kwao. Ni unabii.

— Mzee Néhémie, ule alirudi kwa mama yake. Mimi nilirudishwa na kifua ya Vénant!

— Lakini alirudi.

— Sasa swali ni hii, Diksioneri akasema, akinyoosha kidole kama mwalimu. Bintu yenye mwagabaki aligawa ni ya nani?

Hilo ndilo lilikuwa swali la Orpa, ila hakutaka kuulizwa hivyo, mbele ya watu, kama mbuzi anayejadiliwa bei.

— Kule Makenke, Musoni akasema, askari nakwenda likizo, naacha bunduki. Narudi, napewa bunduki. Kwisha.

— Asante, Orpa akasema.

— Lakini yeye hapana kwenda likizo. Yeye nasema kwaheri ya mazima. Askari ya kwaheri ya mazima, kama narudi, huyo ni mtoro. Mtoro hapana pewa bunduki. Mtoro nafungwa.

— Musoni!

— Mimi nasema sheria, mama. Sheria hapana kuwa na dada.

— Muache jeshi, tuingie mu Neno, akasema Amina. Kuaga ni kufa kidogo. Na kurudi ni kufufuka kidogo. Lazaro alipofufuka, masahani yake yalikuwa wapi?

Hakuna aliyewahi kufikiri masahani ya Lazaro.

— Martha, dada yake, ni mwanamuke wa jikoni, Amina akaendelea. Hangegawa. Kwa hiyo kosa si ya Kantengwa, ni ya Orpa: hakukuwa na Martha wake.

— Wote munakosea, Diksioneri akasema, na macho yakamng'aa kama mtu mwenye homa. Huyu haiko Orpa! Kule Kampala majina ilishaitwa, ilishapita. Jina ya Orpa ilipanda ndege. Iko kule, inakula mkate na siagi. Kilichopanda bisi kurudi ni mwili tu. Na mwili bila jina, bandugu, inaweza kuwa na birika?

— Haiwezi, akasema Makenke, akishangaa mwenyewe kwamba amekubali.

— Amina.

— Dandu la shingo lina mwenyewe, Diksioneri akamalizia, bila kueleza dandu ni kitu gani wala linahusu nini.

Orpa alishika kichwa. Alikuwa amekuja na ombi moja, dogo, la mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake, na sasa alikuwa mtoro, maiti na mwili usio na jina, na jua halijafika hata juu ya bati.

— Nilikuja kuomba birika! alipiga kelele. Birika! Sikuja kufufuka! Kantengwa, naomba birika yangu, watoto wanalala na uji wa chumvi, basi!

Ndege waliokuwa kwenye bati waliruka. Sentensi ya kitenge cha Jumapili ilikuwa imetoka ikiwa tambara, lakini ilikuwa imetoka.

Kantengwa aliweka mwiko chini.

— Mwenzangu, ulisema mbele ya kanisa, "mpaka tutaonana mbinguni." Batu bote balisikia. Sasa tunaonana. Hapa ni mbinguni?

Wote wakatazama: vumbi, foleni ya madumu, mbwa anayejikuna.

— Mbingu ziko tatu, Amina akaanza. Paulo alifika mpaka...

— Mzee, nyamaza, wanawake wote wawili wakasema.

— Mi sikukuibia, Kantengwa akaendelea, na sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. Mbele ya kupata hii birika, nilikuwa nalimia batu. Mugongo yangu inajua. Ukiichukua, kesho narudi ku jembe, na wewe siku bakikuita ya kweli unaenda, birika inabaki na nani? Nikae nangoja uage tena?

Lililomkera Orpa kuliko yote ni hili: Kantengwa alikuwa na haki. Naye Orpa alikuwa na haki. Haki mbili zilikuwa zimekalia jiko moja, na pembeni wanaume watatu wanatafuta majina.

Basi hasira zikampanda za mahali pengine kabisa, za mtu anayejua kazi yake akiona inavyoharibiwa. Akasimama. Akalishika birika, akaimwaga kahawa yote mferejini; Diksioneri akalia kama amemwagiwa mtoto. Akasuuza. Akateka maji mapya, akatoa tangawizi kwenye fundo la kitenge chake, maana mwuza kahawa hatembei bila tangawizi hata akiwa ameaga, akaiponda kwa jiwe, akangoja maji yacheze ndipo akaitia kahawa. Kantengwa hakumzuia. Alichochea mkaa, akapuliza, akaongeza mkaa wake mwenyewe, alioununua kwa jasho lake. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Harufu ilipotoka, Bunge lilinyamaza kwa mara ya kwanza tangu mvua kubwa ilipong'oa jiwe moja la benchi. Wakanywa. Makenke alifumba macho.

— Hii ndiyo kahawa, akasema kwa sauti ya raia.

Hapo akaja mgeni, mwanamume wa makamo, viatu vimejaa vumbi la njia ya Kabazana, kule wanaofika wapya wanakopokelewa. Jina lake Muhire. Alikuwa amepewa kiwanja, akawa anakitafuta, harufu ikampoteza njia. Aliomba kikombe. Orpa akamimina, Kantengwa akampa. Akanywa amesimama, polepole, mpaka chini, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono.

— Hii ni tamu, akasema. Akatoa sarafu mfukoni. Namulipa nani?

Diksioneri alitazama vidole vyake. Makenke, mwenye sheria isiyo na dada, aliona kitu cha kuvutia sana huko mbali barabarani. Amina alifungua mdomo kusema neno lake la siku zote, akaona halifai, akaufunga. Kantengwa alitazama birika. Orpa alitazama mkaa.

— Samahani, Muhire akasema, akiwa na wasiwasi kwamba amevunja mwiko fulani wa huku. Mimi ni mupya. Nimeuliza tu. Ni nani mwenye kahawa?

Akangoja kwa adabu, kisha akaiweka sarafu juu ya mfuniko wa birika, akaaga, akaenda kutafuta kiwanja chake. Sarafu ikaanza kutetemeka kwa mvuke, tiki tiki tiki, wala hapakuwa na mkono ulionyooshwa. Kisha birika likafura, povu likatoka mdomoni, kahawa ikaanza kudondokea mkaa.

— Inamwagika! Kantengwa akasema.

Akaukamata mfuniko pamoja na sarafu yake, Orpa akalishika birika kwa mpini na kulitoa motoni, yote kwa mara moja, kama watu waliofanya kazi hiyo pamoja tangu utoto. Wakasimama hivyo, mmoja na mfuniko, mmoja na birika, na moshi katikati yao. Kantengwa akakisukuma kile kigoda chake kwa mguu, kikasogea kidogo, kikaacha nafasi ya nusu ya mtu nyuma ya jiko.

Orpa akaikalia hiyo nusu.

Upande wa pili Diksioneri alikuwa ameinua kidole. Macho yake yaling'aa, midomo yake ilikuwa tayari inaumba silabi ya kwanza.

— Appolinaire, Orpa akamwambia, bila kuinua macho kwenye vikombe. Sema ata neno moja, leo utakunywa maji.