Maji Ambayo Marehemu Chuang Hsiu-luan Alikatazwa Kumwaga

Marehemu Chuang Hsiu-luan alizaliwa tarehe 12 Machi 1956 huko Chiku, nje kidogo ya jiji la Tainan, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Chuang Shui-mu, mfugaji wa samaki, na Bi. Wu Chin-yeh. Babu alipenda kusimulia kwamba watoto wake wengine walizaliwa wakilia, lakini huyu alizaliwa akigomba.

Alisoma shule ya msingi kijijini na kumaliza mwaka 1968. Alitaka kuendelea. Nafasi ikapewa kaka yake, yeye akapelekwa mjini kwa shangazi kujifunza kutengeneza nywele. Wazee walimwambia asilalamike. Alilalamika, kisha akajifunza kazi hadi akamshinda shangazi.

Mwaka 1978 alifunga ndoa na Shih Tien-fu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wawili: mimi ninayesoma, Pei-jung, na mdogo wangu Kuan-lin. Baba alifariki mwaka 2009. Marehemu aliendelea kuishi katika nyumba ya ukoo wa Shih, yeye chini, na kaka mkubwa wa baba, Shih Ching-sung, juu.

Mbele ya nyumba hiyo ndipo alipofungua saluni yake mwaka 1979. Siku ya ufunguzi wateja walimletea mashina matatu ya mianzi ya bahati, ile inayooteshwa ndani ya maji, yamefungwa utepe mwekundu. Aliitunza kama mtu wa nyumbani. Kila Jumatatu, saluni ikiwa imefungwa, alisuuza mizizi, akaosha kokoto, akasugua chombo hadi utelezi wote utoke, kisha akatia maji yaliyolala kwenye ndoo ili dawa ya bombani ipungue. Aliiweka penye mwanga, lakini jua kali lisiiguse. Shina likigeuka njano alilitoa kabla halijaozesha wenzake, na palipokuwa na ncha nzuri aliikata, akaiotesha upya.

"Hsiu-luan, vijiti vyako vinaoga kuliko mume wangu," alimtania jirani, Bi. Kao.

"Mlete Jumatatu, nitamsugua na yeye!"

Sasa nifike mahali ambapo nimeombwa nipite haraka.

Mwezi Aprili mwaka huu wa 2015, Baba Mkubwa Ching-sung alinunua mtungi mkubwa, akaujaza mianzi ya bahati na kuuweka kwenye chumba cha madhabahu ya mababu, kinachopakana na chumba alicholala marehemu, kwa ajili ya harusi ya mwanawe, Yao-ting. Mpiga ramli alikuwa amemwambia maji yale yasimwagwe mpaka bibi harusi aingie nyumbani. Yaongezwe tu. Kufikia Julai yalikuwa yananuka. Dengue, homa inayoenezwa na mbu, ilikuwa imeshaingia mjini, na magari ya matangazo yalipita kila siku yakituambia tumwage maji yaliyotuama.

"Shemeji, humu mna viluwiluwi vya mbu," marehemu alimwambia. "Njoo uone wanavyocheza."

"Usiguse! Hiyo ni bahati ya Yao-ting."

"Bahati gani inanuka hivi? Mimea hii haitaki ramli, inataka maji safi. Mizizi imeshaoza."

"Kazi yako nywele. Kaa na nywele zako."

Jumatatu iliyofuata, Baba Mkubwa akiwa sokoni, marehemu aliumwaga mtungi, akausugua na kuujaza upya. Aliporudi, Baba Mkubwa alipiga kelele mtaa mzima ukasikia: "Ulimzika mdogo wangu, sasa unataka kuizika na ndoa ya mwanangu?"

Ukoo ukaitwa. Marehemu akaamriwa apige magoti mbele ya madhabahu, awashe ubani na kuomba radhi. Waliokaa sebuleni siku ile wakinywa chai na kutikisa vichwa wako hapa leo. Mnajijua. Alikubali kuwaomba radhi mababu kwa ajili ya kelele. Kwa ajili ya maji, alikataa. Chumba kikafungwa kwa kufuli.

Katikati ya Agosti, Baba Mkubwa alishikwa na dengue. Amefiwa na mkewe, na ndugu wengine waliogopa kuingia. Marehemu ndiye aliyepanda ngazi na uji wa mchele na samaki, akamlisha, akambadilishia shuka. Alimwomba ufunguo. Mgonjwa akageukia ukuta. Alipona.

Tarehe 5 Septemba marehemu alishikwa na homa. Alikuwa ameshaugua dengue mwaka 2002, na daktari alitueleza kuwa mara ya pili inaweza kuwa kali zaidi. Alianza kutoka damu kwenye fizi, kisha ndani kwa ndani. Jioni ya tarehe 10 aliniuliza, "Ameshayamwaga?" Nikamwambia bado. Akafyonya, akafumba macho. Alifariki tarehe 11 Septemba 2015, asubuhi, hospitalini, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Siku hiyo hiyo nilivunja kufuli. Viluwiluwi walikuwa wengi kuliko mizizi. Nikayamwaga maji yale barabarani, mchana kweupe, juani.

Juzi Baba Mkubwa alikuja kusoma karatasi hii. "Andika homa tu," aliniambia. "Mbu anaweza kutoka popote." Labda. Mji mzima ulikuwa na mbu. Lakini mbu wa kwingine hatukuwafungia mlango kwa kufuli, nyuma ya ukuta wa kitanda cha mama yangu, wala hatukumpigisha magoti kwa ajili yao.

Marehemu ameacha watoto wawili, Pei-jung na Kuan-lin. Mjukuu mmoja, Yu-han. Na kaka zake wawili wa Chiku. Ameacha pia shemeji, Shih Ching-sung, aliyeomba jina lake lisisomwe. Nimelisoma. Yu mzima, amekaa mstari wa mbele.

Apumzike yeye kwa amani. Sisi tuliobaki, bado.