Mzee Waacheni na Dakika Mbili za Mwisho

Tarehe thelathini ya mwezi huu, mkufunzi wetu wa michezo anastaafu baada ya kukitumikia chuo hiki cha ualimu kwa miaka thelathini na moja. Barua ya utumishi itamtaja kwa jina na cheo. Sisi tunamjua kama Mzee Waacheni, na hata mkuu wa chuo humwita hivyo hivyo akijisahau kikaoni. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mimi, mkutubi, ndiye niliyekuwa kocha wake msaidizi, kazi ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Mhariri wa jarida amenisihi niandike kwa utulivu. Nitajitahidi, ila nawaambia mapema kwamba tangu fainali ya juzi sijatulia. Nimepigwa na butwaa, na bado liko palepale.

Alipofika hapa, uwanja wa mpira wa kikapu ulikuwa kipande cha udongo nyuma ya jiko. Goli moja halikuwa na wavu, na la pili wapishi walianikia matambara. Aliomba saruji na mabati kwa kila aliyepita mbele yake mpaka tukapata ukumbi, akaunda timu ya wanawake, na kabla timu haijashinda hata mchezo mmoja akadai kabati la kioo la kuwekea makombe. Kabati lilikuja. Makombe hayakuja. Kwa miaka mingi sisi walimu tumeweka humo sukari ya chai na maboksi ya chaki, naye kila akipita hulifuta vumbi.

Jina lake lilitokana na mdomo wake mwenyewe. Mchezo ukikaribia kwisha, matokeo yakibana, benchi zima likipiga kelele kwamba aombe muda, yeye alikuwa na jibu moja tu: "Waacheni. Waacheni wacheze." Kwa wasioufahamu mchezo huu, kocha ana haki ya kuusimamisha kwa dakika moja azungumze na wachezaji wake. Zikibaki dakika mbili za mwisho, faida huzidi: mkishafungwa kikapu halafu mkaomba muda, mnaweza kuuanzisha mpira ng'ambo ya pili, karibu na goli la wapinzani, badala ya kuanzia mbali chini ya goli lenu. Ni zawadi ya bure. Makocha wote niliowahi kuwaona huipokea kwa mikono miwili.

Mzee Waacheni aliikataa. Alisema muda huo ni wa wapinzani pia: nao watapumua, nao watapangwa, na wale waliokuwa wametawanyika watakuwa wamekwisha kujipanga. Alisema pia kwamba msichana anayesubiri kuambiwa la kufanya zikibaki sekunde chache, kesho atasimama mbele ya darasa lake akisubiri hivyo hivyo. Mimi nilimbishia kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, hata kwenye kikao cha mitihani. Haambiliki.

Mazoezini alikuwa na utaratibu ambao mgeni akiuona hushangaa. Zikibaki dakika mbili alipuliza kipenga, akatoka kwa mlango wa pembeni wa ukumbi na kuufunga. Wasichana walibaki peke yao, wagombane, wapangane, wamalize. Ndipo aliporudi na kuuliza tu, "Mmefikia wapi?" Kwenye mechi za kweli hakuweza kutoka, kwa hiyo alifanya jambo jingine: alikalia viganja vyake. Dakika mbili za mwisho, mtu mzima na heshima zake, ameketi juu ya mikono yake akitazama mbele. Wapinzani waliona ni kiburi. Mkuu wa chuo aliona ni usingizi. Mimi niliona ni utulivu wa mtu asiyetishika, na niliuonea wivu.

Mkewe, ambaye ni muuguzi, ndiye peke yake aliyecheka tulipomsifia utulivu huo. "Huyu huyu?" alituuliza siku ya mahafali. "Nyumbani hata chumvi hunipimia. Nikikaanga kitunguu anasimama nyuma yangu kunielekeza." Tulidhani anatutania.

Miaka michache iliyopita tulipoteza fainali kwa pointi moja, na hakuomba muda. Mkuu wa chuo alimfuata hadi mlangoni mwa ofisi, akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mzee, dakika moja tu! Dakika moja ilikuwa inakugharimu nini?" Alijibiwa kwamba wasichana wamecheza vizuri. Kabati likaendelea kutunza sukari.

Basi sasa nifike kwenye fainali ya juzi, mchezo wake wa mwisho kabla ya kustaafu, nafasi yake ya mwisho ya kuweka kitu kabatini. Ukumbi wetu ulijaa mpaka ngazini. Zilipobaki dakika mbili tulikuwa mbele kidogo, nami nikageuka kumtazama akikalia mikono yake kama kawaida. Hakuikalia. Alisimama, akachukua koti lake, akaniwekea mapajani ubao mdogo wa mipango na kalamu yake. "Mkutubi," akasema, "dakika mbili zako hizo." Akaelekea mlango wa pembeni, akatoka.

Nilidhani anaumwa. Kocha wa wapinzani alisimama kumtazama. Kule juu nilisikia sauti ya mkuu wa chuo, iliyozoea kuhutubia bila kipaza sauti: "Anakwenda wapi huyo? Jamani, anakwenda wapi?" Nahodha wetu, mfupi, mwepesi, tunayemwita Kiberiti, alinitazama macho yamemtoka. Sheria inampa msaidizi wa kwanza haki ya kuomba muda kama kocha mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nikidai kwa kelele haki hiyo itumike. Sasa ilikuwa mikononi mwangu, nami nikabaki nimeukumbatia ubao.

Wapinzani wakatukaribia. Wakatufikia. Zikiwa zimebaki sekunde chache, wakafunga na kutupita kwa pointi moja. Kiberiti alikuwa anaukimbilia mpira. Waacheni, nikajiambia. Halafu nikajikuta nimeshafika kwenye meza ya waamuzi, kidole kimegusa kiganja, naomba muda kwa sauti ambayo maktabani ningemfukuza mtu kwayo.

Kipenga kikalia. Wasichana wetu hawakuja. Walisimama uwanjani wakiwatazama wapinzani, wakidhani wao ndio walioomba. Mmoja alimfuata mwamuzi kumweka sawa: "Samahani, mmekosea. Sisi huwa hatuombi." Ilibidi niwaite kwa mikono. Walinizunguka wakiwa wameshangaa kuliko watu waliomwagiwa maji, na Kiberiti akasema, "Haya, Mwalimu. Tuambie."

Sikuwa na kitu. Nathibitisha hapa mbele ya chuo kizima: nilikuwa mweupe kama ubao niliokuwa nimeushika. Kiberiti akaitazama kalamu, akanitazama mimi, akanyoosha mkono. "Lete," akasema. Akaanza kuchora. Yule mrefu wetu, Ngazi, ambaye hata hodi hubisha kwa kunong'ona, akamkatiza. "Usianzie hapo. Watanifuata mimi, wote wawili. Nipeni mimi, nami nikurudishie." Mwingine akapinga, mwingine akafuta kwa kiganja, wakagombana, wakapatana. Waligombana vizuri, kama watu waliofanya hivyo kila siku huku mlango umefungwa. Mimi nilitamka maneno mawili tu: "Fanyeni hivyo."

Mpira ukaanzia ng'ambo. Ukamfikia Ngazi, wapinzani wawili wakamrukia, akaurudisha. Kiberiti akatupa. Mpira ukagonga chuma, ukapanda, ukazunguka, ukaingia. King'ora kikalia, na sikumbuki ni nani aliyenikumbatia kwanza.

Nilikimbilia mlango wa pembeni. Nilitaka niwe wa kwanza kumwambia. Nikaufungua, na nilichokiona sijakipatia mahali kichwani mpaka leo.

Mzee Waacheni alikuwa amesimama kwenye korido, kati ya ndoo na mafagio, uso ameuelekeza ukutani, macho ameyafumba. Mkono mmoja aliulaza kiganja chini, na kidole cha mkono wa pili kimekigusa kiganja hicho. Ishara ya kuomba muda. Alikuwa anauomba ukuta.

Mshika funguo wa ukumbi alikuwa kwenye kigoda chake, hana habari. "Mbona unashtuka, Mwalimu?" akaniuliza. "Kila siku ya mazoezi yuko hivyo hivyo hapo. Mlidhani akitoka anakuja kunywa chai?"

Ndipo nilipokumbuka viganja alivyovikalia, na kicheko cha mkewe. Miaka yote ile tuliyompigia kelele aombe muda, hapakuwa na mtu ukumbini aliyeutaka kumzidi. Machozi yalinitoka pale pale, kati ya ndoo.

Alifumbua macho. "Uliomba?" akaniuliza.

"Niliomba, Mzee."

Alishusha mikono, akashusha na pumzi ndefu. "Afadhali," akasema. Kisha akakumbuka. "Haya, nani kashinda?"

Kombe sasa liko kabatini. Sukari imehamia juu ya jokofu, na wanaolalamika wanajulikana.

Mzee wetu, chuo kinakushukuru kwa uwanja, kwa kabati, na kwa walimu wote walioko madarasani leo wasiosubiri kuambiwa. Uwe na afya na siku njema pamoja na mkeo, na umwachie vitunguu vyake. Mikono yako usiikalie tena. Jumatatu nilisimamia mazoezi peke yangu, na zilipobaki dakika mbili nilitoka kwa mlango wa pembeni na kuufunga. Mshika funguo alisogeza ndoo, akanionyesha mahali pako ukutani.