Jotham na Meli ya Chokaa

Ijumaa tarehe 27 Septemba 1996, Bwana Jotham Mulongo atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya kuitumikia kampuni ya Om Prakash na Ndugu, Wakala wa Safari, kwa miaka ishirini na tano, kwanza Kitale na halafu tawi la Bungoma. Mimi ni dereva wa kampuni hii, na kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika kwa sababu kalamu yangu inajulikana kutoka Kapenguria mpaka Malaba. Wenye vyeti wako wengi ofisini, lakini cheti hakijawahi kuchekesha mtu.

Jotham ni mtoto wa Bumula. Aliajiriwa mwaka wa 1971, wakati kampuni ilikuwa bado duka la misumari na mabati. Tajiri wetu Om Prakash aligundua mapema kwamba huyu mtu hauzi kitu mpaka mteja akishike, akigonge na karibu akilambe. Mtu akitaka bati, Jotham anamsimamisha chini yake na kulimwagia maji juu, ajionee kama linavuja. Kwa hivyo duka lilipogeuka kuwa ofisi ya tiketi, tajiri alimpeleka kaunta bila kufikiria mara mbili. Tiketi za ndege na za basi Jotham aliuza vizuri kama mtu yeyote. Lakini jina lake lilitoka kwa meli.

Hapa niwafungulie macho wale ambao hawajatembea. Mimi nimefika Mombasa mara nne na Jinja mara mbili, kwa hivyo habari ya maji naijua. Meli ya kitalii ni hoteli iliyokataa kukaa mahali pamoja. Vyumba vyake vinaitwa kabini. Kuna kabini zisizo na dirisha, kuna zenye kidirisha cha mviringo kama mdomo wa sufuria, na kuna zile za watu wazito, zenye roshani, au balkoni kama tunavyosema huku. Unatoa kiti nje, unaketi na chai yako, na bahari yote iko miguuni. Watu hufikiri ukishalipia balkoni umemaliza. Kumbe hapo ndipo kichwa kinaanza kuuma.

Hilo tulifundishwa na Mzee Mohanlal, ndugu mkubwa wa tajiri, mwaka wa 1984. Alichaguliwa kabini na wakala mmoja wa huko pwani, akaenda na suti mpya, akarudi amenuna. Balkoni yake ilikuwa nyuma ya boti ya kuokolea watu, mojawapo ya zile zinazoning'inia ubavuni mwa meli. Alimwambia Jotham pale kaunta, mbele ya wateja, "Nimelipa bahari, nikaonyeshwa makalio ya mtumbwi."

Mtu mwingine angesema pole na kuendelea kugonga muhuri. Jotham alienda kununua chokaa, ile ya kuchora uwanja wa mpira. Akachukua ramani ya meli, akaingia ua wa nyuma na kuchora kabini chini, kwa kipimo chake halisi: mlango hapa, kitanda pale, choo kile. Kamba ya kuanikia nguo ikawa ukingo wa balkoni. Kitanda kilikuwa cha mlinzi, na mlinzi hakuulizwa. Tangu siku hiyo hakuna mteja aliyenunua kabini kwa Om Prakash bila kwanza kulala ndani yake, juu ya nchi kavu, kuku wakimzunguka.

Na si kulala tu. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Mteja akitaka kabini ya nyuma kabisa, karibu na injini, Jotham anasukuma kitanda mpaka ukutani kwa jirani na kumwambia afumbe macho. Ukitaka ya chini ya jikoni, mpishi wa tajiri anaburuta masufuria. Bi Jerono na bwanake, wakulima wa Kachibora, walikuwa wamekazana kuchukua kabini iliyo chini ya ukumbi wa dansi, ati ndiyo kubwa. Jotham aliwalaza kwenye stoo, halafu akatupandisha sisi wafanyakazi wote kwenye sakafu ya mbao juu yao na kutuamuru tucheze rumba. Mimi, ambaye kwa rumba sina mpinzani Trans-Nzoia, nilifanya kazi ya watu watatu. Walichukua ya katikati ya meli, ambapo hakuna kelele na mawimbi hayakurushi sana. Mpaka leo wakiniona sokoni wananishukuru kwa miguu yangu.

Mwaka wa 1986 tawi la Bungoma lilifunguliwa, na Jotham akahamishiwa huko pamoja na chokaa yake. Na huko Bungoma, mwaka wa 1992, ndiko alikofanya kosa la pekee ninalolijua, na kulirekebisha kwa namna ambayo ingetosha kumpa pensheni peke yake.

Mama Bilha wa Matulo alikuwa mjane. Marehemu mumewe, Mzee Munialo, alipelekwa vita vya Burma kwa meli. Kwenda na kurudi waliwekwa tumbo la chini kabisa, bila dirisha, wakitapika gizani. Aliporudi, watu walimwomba awasimulie bahari. Yeye alikuwa akijibu hivyo hivyo mpaka uzee wake, "Nimeivuka lakini sijaiona." Alipokufa, Mama Bilha alimwambia binti yake Edah kwamba kabla macho hayajamzimikia, anataka kwenda kuitazama hiyo kitu kwa niaba ya mzee. Tena aitazame kutoka juu, ameketi. Daktari alikuwa ameshasema macho hayana muda mrefu.

Mumewe Edah ni Bwana Walubengo, mfanyabiashara wa nafaka huko Bungoma, mtu wa moyo. Alikuja kwa Jotham akaagiza safari ya watu watatu kutoka Mombasa mpaka Shelisheli na kurudi. Angewatuma wanawake peke yao, lakini Edah alikataa katakata kuvuka maji bila bwanake. Meli ilikuwa ya Wagiriki, ikiitwa Aspasia, na balkoni zake zilikuwa za kuhesabu. Jotham alipata mbili za kushoto, zinazofuatana. Akachora zote mbili uani, akazitenganisha kwa ubao mwembamba kama ulivyo ule wa melini, na kuita familia nzima ije ijaribu.

Kwa wageni wetu wasiotoka huku: kwa Wabukusu, mama mkwe na mume wa binti yake hawaketi pamoja, hawali pamoja, hawashikani mikono. Wakikutana njiani, mmoja anatafuta kichaka. Si chuki. Ni heshima, tena heshima nzito kuliko suti ya Mzee Mohanlal. Jotham ni Mbukusu, analijua hilo tangu kunyonya. Lakini siku hiyo roho yake ilikuwa melini, akasahau mwili wake uko Bungoma.

Mama Bilha aliketi kwenye balkoni ya chokaa. Upande wa pili wa ubao, Walubengo akakohoa. Mama alisimama, akavuta leso yake ikamfunika kichwa na uso, na kusema, "Ubao tu? Basi hiyo bahari ikae huko huko." Akaondoka kupitia langoni bila kugeuka. Walubengo naye alikuwa ameshajitupa nyuma ya tangi la maji kwa aibu, na hiyo si kazi ndogo kwa mtu wa tumbo lake.

Jotham hakula siku hiyo. Ilimbidi kupata balkoni ya upande wa kulia, na zilikuwa zimeisha. Moja ilikuwa ya Bi Dayawanti, mjane wa marehemu Chaman, mwenye duka la vitambaa Kitale. Ni Jotham mwenyewe aliyemchagulia, akimwapia kwamba katika meli nzima hakuna kama hiyo: iko katikati, haina boti mbele yake, na kwenda Shelisheli unaona jua likichomoza ukiwa kitini. Sasa aende akamwambie nini? Na huyo mama, nani asiyejua ulimi wake? Mimi ndiye niliyemwendesha Jotham mpaka Kitale. Njia nzima nilimtuliza kwa hadithi zangu za Jinja, ambazo nadhani zilimsaidia.

Bi Dayawanti alisikiliza huku akipima kitambaa cha mteja. Aliuliza kwanza kama Jotham amelewa. Halafu akauliza huyo mama alifanya nini alipomsikia mkwewe. Jotham akaonyesha kwa mkono namna leso ilivyovutwa. Bi Dayawanti aliweka mkasi chini.

"Mimi nilijifunika uso mbele ya baba mkwe wangu mpaka siku alipokufa," alisema. "Mpe huyo mama kabini yangu. Na wewe Jotham, usije tena hapa na uso wa mgonjwa, unanifukuzia wateja."

Jotham alirudi Bungoma na kuchora meli nzima, upana wake wote, mpaka chokaa ikatokea barabarani. Mama na Edah kulia, Walubengo peke yake kushoto kama padri. Mama atapanda kwa ngazi ya mbele, mkwe kwa ngazi ya nyuma. Mama atakula zamu ya kwanza, mkwe zamu ya pili. Hata boti za kuokolea zilikuwa za pande tofauti, kwa hivyo meli ikizama, kila mtu angezama na heshima yake. Mama Bilha aliikagua yote kwa fimbo, akazunguka, akaketi. Safari hii hakusimama.

Wakaenda, wakarudi. Walubengo alinenepa, kwa sababu Bi Dayawanti, aliyepewa ile kabini ya kushoto aliyoikataa mama, alikuwa akimpitishia chevda, zile karanga na dengu za kukaanga za Kihindi, juu ya ule ubao kila asubuhi. Edah alituambia kwamba balkoni ya mama ilikuwa na viti viwili, lakini yeye alikaa kizingitini safari nzima. Mama alimkataza kile cha pili. Alimwambia, "Hicho kina mwenyewe."

Nyinyi semeni ni safari ngapi Jotham ameuza. Mimi nitataja hiyo moja.

Yeye mwenyewe hajawahi kupanda meli. Kwa hivyo tajiri amempa zawadi, yeye na mkewe, safari ya Desemba, kabini yenye balkoni, achague anayotaka. Tulimuuliza ni ipi. Akasema hawezi kujibu kabla ya kuchora.

Mwisho, wageni wote wazingatie viti vya ukumbini, maana vimepangwa na Jotham. Mama Bilha ataingia kwa mlango wa mbele na kuketi kulia. Bwana Walubengo ataingia kwa mlango wa nyuma na kuketi kushoto. Kulia watapakuliwa kwanza. Tafadhali msiwachanganye watu.

Upande wa kulia, mbele kabisa, viti ni viwili. Nilipompelekea Mama Bilha kadi huko Matulo, macho yake sasa yamebaki kuona mwanga tu, nilimwahidi kwamba cha pili tutakiacha wazi kama kule melini. Akakataa.

"Mwenye kile ameshaiona bahari," alisema. "Hicho cha leo mpeni Jotham."

Basi Jotham, njoo uketi. Asante kwa chokaa yako yote. Sisi wenzako tunakuombea uzee wa katikati ya meli, usio na kelele wala boti mbele yake, na jua likupate kila siku ukiwa kitini.

Kiptanui, dereva, Kitale
Kwa niaba ya wafanyakazi wote