Jina Halishonwi Juu ya Jina

Funga huo mlango, mwanangu, ufunge na mdomo wako pamoja nao, kisha uje ukae hapa ukingoni mwa kitanda, upande wangu wa kulia. Na wewe mjukuu wangu, mke mwenzangu, kaa kushoto, na hilo koti lilazeni juu ya miguu yangu, katikati yenu, asilivute mtu. Pumzi niliyobaki nayo ni ya kupima kwa kijiko, na sitaki kuimaliza kwa kuwaamua watu wazima.

Nimesikia yote. Ukuta huu ni wa mbao, na masikio ndiyo ambayo uzee haujaninyang'anya. Nimekusikia, mwanangu, ukimwambia mtoto wa kaka yako, "Ukitoka na koti hili, usirudi humu." Na wewe binti nimekusikia ukimjibu baba yako mdogo kwamba utatoka nalo na kurudi hurudi, tena kwa sauti ya marehemu baba yako hasa, hata nikadhani amefufuka na amesimama sebuleni. Gari la uwanja wa ndege liko njiani kumchukua mtoto akarushe ndege peke yake kwa mara ya kwanza, na nyumba inataka kupasuka kabla halijafika. Mimi nami niko safarini, na gari langu halipigi honi. Kwa hiyo nisikilizeni sasa hivi, kwa sababu wosia wangu wote unaanzia kwenye hili koti.

Mnaijua kazi iliyowalisha. Mimi na marehemu mume wangu, katika kile chumba cha mbele, tulishona majina na beji kwenye makoti ya ngozi ya marubani: jina, katika kipande chake, kifuani kushoto, beji ya kikosi kulia, bendera begani. Kusoma sikusoma, jina nililijua kwa umbo lake, kama mtu anavyomjua jirani kwa mwendo. Na siku ya kwanza kunikabidhi sindano, mume wangu aliniambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia kwa sauti yake ya mafua: "Mke wangu, kitambaa kina huruma, ukikosea unafumua, unafua, kinasahau. Ngozi haisahau tundu." Ndiyo maana hatukupima koti mezani hata siku moja. Mwenyewe alivaa, akafunga zipu mpaka kooni, akakaa kwenye kigoda kama yumo ndani ya ndege, akanyoosha mikono mbele, akajaza kifua pumzi, ndipo tukatia alama ya chaki. Alikuwapo rubani mmoja mnene tukimwita Tumbo Ndani, kila akipimwa hujibana ili aonekane kijana, na sisi tukashona vile alivyojionyesha. Akarudi analalamika: "Mama, mbona jina langu linanusa kwapa?" Nikamjibu, "Baba, jina lipo pale pale ulipoliacha, tumbo ndilo limehama."

Chekeni, chekeni kidogo, tangu asubuhi hamjacheka humu ndani. Haya, basi.

Binti, wewe umetambaa juu ya vipande vya ngozi kabla hujatembea, na leo umelilaza koti mezani, ukachukua gundi ya viatu, ukabandika jina lako juu ya jina la baba yako kama anayeziba pancha. Haraka yako naijua. Najua sheria ya kikosi kwamba haruki mtu na jina la mwingine kifuani, ili likitokea la kutokea watu wajue wamlilie nani. Lakini jina halishonwi juu ya jina. La chini litavimba, la juu halitakaa, na mwisho wake mtapotea wote wawili.

Na wewe, mwanangu. Wewe unataka koti lirudi kabatini na jina la kaka yako juu yake, lining'inie humo mpaka nondo walichoke. Unasema kulifumua jina ni kumuua mara ya pili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami sikulaumu kwa kushtuka. Ila mbele ya mtoto huyu nitalisema ambalo hatujawahi kulisema, tazama ukutani ukitaka, lakini usitoke.

Mjukuu wangu, siku ile ya baba yako, mawingu yalikuwa meusi tangu alfajiri. Koti lake lilikuwa kwetu kwa ajili ya beji mpya. Baba yako mdogo alikuwa amekwisha kuishona, vizuri kabisa, lakini alipoona lile wingu alilichukua koti akalificha chini ya cherehani, akalifunika vitambaa vibovu, akamwambia kaka yake halijawa tayari, arudi kesho. Alidhani asiye na koti haendi. Kaka yake akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka, akamwambia, "Wewe shona, mdogo wangu, mimi nitakwenda na baridi yangu." Akaenda. Basi. Hayo ndiyo maneno ya mwisho aliyoyasema mlangoni kwetu. Koti mimi nililikuta nikifagia, msiba ukiwa haujaanuliwa, na nikajua papo hapo, na tangu siku hiyo mwanangu huyu hajagusa tena koti la rubani. Anashona suruali za shule na mapazia, na watu wakiuliza anasema macho.

Macho yako ni mazima, baba. Kilichokuuma ni hicho.

Mwache alie, binti. Usimnyamazishe. Mshike mkono tu, hivyo, juu ya koti.

Sasa nisikilize, mwanangu, uliyebaki. Ndege ile iliharibika yenyewe, walikuja wakubwa wake wakatueleza, na koti lisingeiinua wala lisingeiangusha. Kosa hukufanya. Ulimpenda mtu ukamfichia nguo. Lakini leo unalirudia lile lile: umeliona wingu, umelishika koti. Na huyu ni mtoto wa baba yake. Atakwenda. Ukimnyima, atakwenda hivyo hivyo, na baridi yake, na mlango wa nyumba hii utakuwa umefungwa nyuma yake kwa maneno yako. Hicho ndicho ninachokiogopa kuliko kaburi. Mtoto wa kwanza alinitoka akiwa anacheka na nyumba yake. Huyu asinitoke akiwa amefukuzwa.

Nipeni maji. Kidogo tu... yatosha.

Nitasema kazi, maana kazi ndiyo lugha unayoisikia. Anza na gundi, haijashika bado: ivue kwa kidole gumba kutokea pembeni, polepole, usitumie wembe. Kisha fungua bitana kwa chini, pale kwenye mshono wa kiuno, uingize mkono wako ndani, uzi wa jina la kaka yako uukatie kwa nyuma, ili ngozi ya mbele isipate hata mkwaruzo. Jina likitoka utaona matundu yake yamebaki, yamejipanga kama mchwa. Usitoboe mapya. Kipande cha mtoto kimekatwa kwa kipimo kile kile, nimekipapasa. Paka uzi nta kwanza, kisha pitisha sindano katika matundu yale yale ya jina la baba yake. Halafu jina la kaka yako ulishone ndani, kwenye bitana peke yake, usawa wa moyo, na uangalie usiufunge mfuko wa ndani, kama ulivyoufunga mara moja ulipokuwa unajifunza, rubani wa watu akahangaika kutafuta pa kutia leso. Nje asome anayesoma: jina lake kwanza na la baba yake likifuata, ndivyo mtu anavyoitwa. Ndani atalijua mwenyewe.

Na avae kwanza. Avae, kile kigoda kileteni hapa, akae, ajaze kifua. Usimpime mezani.

Na huu ndio urithi. Koti ni lake huyu binti. Cherehani, kile chumba cha mbele, msharasi wa kutobolea ngozi na subana yangu ya kidoleni ni vyako, mwanangu, na sikupi uvipange kama mapambo: marubani bado wapo na bado wanajibana matumbo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Chumba cha nyuma ni cha mjukuu wangu, hata akikaa mwaka asilale humo, kitanda kitandikwe. Nyumba ni yenu wote, haiuzwi kwa hasira. Na mama yake huyu, aliyeolewa kwingine, mmekuwa mkilitaja jina lake kama mtu anayetema mbegu. Acheni. Alikuwa mjane kijana, angefanyaje? Mkinizika mumwite, akae mbele, pamoja nanyi. Mimi mnivalishe ile nguo ya kijani. Msigombanie mahali pa kaburi, popote ni udongo.

Hiyo... ndiyo honi? Mwambieni dereva asubiri. Mwambieni bibi yake amesema. Fungua dirisha, binti, umwambie ukiwa umekaa hapo kigodani, usinyanyuke. Zipu ifike kooni. Hivyo. Sasa livue, umpe baba yako mdogo.

Mwanangu. Sijakusikia umesema ndiyo. Sikulazimishi, mtu halazimishwi kushona, mkono ukikataa sindano inajua. Ila mimi nitakaa macho mpaka nijue... Nini hicho? Hiyo ni nta. Naisikia ikipita kwenye uzi. Ah. Ah, baba yangu. Nimeisikia.

Basi nipeni mikono yenu. Mmoja mmoja, nipapase. Huu mgumu ni wako. Mungu akuondolee lile wingu ulilolibeba, akupe usingizi, kazi ya mikono yako isifumuke. Na huu wa baridi ni wako, mke mwenzangu. Upande kwa heri, ushuke kwa heri, ukitua uwakute wa kwenu wamesimama mlangoni, na mlango uwe wazi... umenisikia, baba? Uwe wazi.

Nimewaridhia. Wote wawili. Na yule aliyetangulia.

Haya, la kaka yako limekwisha kutoka, endelea. Mbona mkono umesimama? Nipo... nipo bado. Gari linasubiri. Vuta uzi, taratibu, usiukaze mno. Usinitazame mimi, mwanangu. Tazama sindano.