Maji ya Kwenda Nakuru

Tulikuwa daraja la tatu, kwenye gari la moshi kutoka Gilgil. Mbele yangu mzee Obura alipakata chupa za maji ya mto unaopita chini ya mgodi, akizipeleka Nakuru zikapimwe.

"Kila mara mnatuambia maji ni safi," mama aliyeketi kando yake akamwambia. "Mbona nimezika mtoto?"

"Pole, mama. Mimi nachota tu, halafu nachuja kwa kitambaa."

"Unachuja?"

"Sasa nimpelekee mzungu anayepima maji yenye taka? Hata mgeni nyumbani humpi hivyo." Alisema kama mtu aliyelelewa vizuri, na kweli alilelewa.

Mama akakitazama kitambaa begani mwa Obura, kimegandwa na vumbi jeusi la mgodi. "Basi mpelekee hicho."

Gari likasimama. Obura, mtu wa usafi, akakikung'uta dirishani kabla ya kushuka.