Pasipoti ya Aden na Kisima Nilikozaliwa

Asalaam aleykum, ndugu zangu, na nyinyi wenzetu wa kanisani, hamjambo. Mmeniomba nisimame, basi nitasimulia polepole, na pasipoeleweka mnikatize. Majina ya watu sitataja.

Mnanijua, nauza maziwa ya ngamia. Mwaka wa pili wa vita vya shifta, wale waliotaka tujiunge na Somalia, nilikuwa nauza palepale sokoni Garissa, na mume wangu alikuwa baharia. Siku moja nikaletewa barua ya wakala wa meli kutoka Mombasa. Mzigo umemwangukia mume wangu, mguu umesagika, amelazwa hospitali Aden. Madaktari wanataka kuukata kabla sumu haijapanda mwilini, naye amekataa. Amesema haukatwi mpaka mke wake afike. Mnawajua wanaume wetu. Mtu yuko mlangoni mwa kaburi na bado anatoa masharti.

Wakala aliniwekea nafasi katika meli itakayoondoka Mombasa baada ya siku ishirini. Nilichokosa ni pasipoti.

Asubuhi yake nilikuwa kwenye ofisi ya wilaya kabla mlango haujafunguliwa. Karani alikuwa Mkristo kutoka bara, mtu mpole mwenye miwani. Aliniuliza maswali akijaza fomu: jina langu, la baba, la babu. Kiswahili nakijua tangu utoto, kwa hiyo nilijibu mbiombio, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Ulizaliwa wapi, mama?"

Hapa nisikilizeni vizuri. Katika ukoo wetu mwanamke akikaribia kuzaa mtoto wa kwanza hurudi kwa mama yake, azae huko na akae siku arobaini. Mama yangu alirudi kwao, akakuta wazee wamehamisha ngamia kufuata mvua, ng'ambo ya Liboi. Nikazaliwa kando ya kisima. Siku arobaini zilipokwisha alinibeba akarudi upande huu kwa baba yangu, na mimi sijakanyaga kule tena. Lakini ukimuuliza mfugaji wa kwetu alizaliwa wapi, hatakutajia wilaya. Atakutajia kisima, tena kwa fahari. Nami nikakitaja.

Kalamu ikasimama. "Mama, hapo ni Somalia."

"Ni kisima," nikamwambia. "Ngamia walikuwa na kiu."

Hakucheka. "Nimeandika ulivyosema. Fomu itakwenda Nairobi ichunguzwe. Wewe subiri."

"Mpaka lini?"

"Mama, subiri."

Ndugu zangu, nawaambia, kuna kusubiri kwa mtu aliyelala mkekani, na kuna kusubiri kwa mtu aliyekalia siafu. Nilikuwa napima maziwa, nayaacha nusu, nakwenda ofisini, narudi, nakwenda tena. Wateja wakahamia kwa wengine. Jioni, amri ya kutotembea ikianza, nilizunguka ndani ya nyumba kama mbuzi aliyefungwa kigingini.

Siku ya saba alinijia mtu mmoja aliyekuwa akiwaandikia watu barua pale sokoni. "Walaal, dada yangu, umejiharibia mwenyewe," akasema. "Ungesema Garissa tu. Nani alikuwepo kisimani akuone?" Akanijazia fomu nyingine: nimezaliwa Garissa mjini. Akaleta mashahidi wawili ambao sikuwajua wala hawakunijua, wakaapa. Nami nikaweka dole gumba. Naomba mnielewe, hakuna aliyenidanganya. Nilijua ni uongo nikaubonyeza kwa kidole changu. Hapo ndipo nilipoanguka.

Fomu zile mbili zilikutana Nairobi juu ya meza moja. Siku ya kumi na mbili nikaitwa mbele ya ofisa.

"Mama," akasema, "mimi nina watoto watano, na kila mmoja alizaliwa mara moja. Wewe umezaliwa mara mbili, tena katika nchi mbili. Tueleze ulivyofanya."

Askari waliosimama mlangoni wakacheka. Mimi sikuona la kucheka, maana siku zile watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Akaninyang'anya kibali changu cha kuvuka daraja la mto Tana, akaniambia nishukuru hanifungi. Bila kibali huvuki Tana. Usipovuka Tana hakuna Nairobi wala Mombasa, na Aden ndiyo usiitaje.

Nikakaa chini penye ukuta wa ofisi. Zilibaki siku nane. Karani alitoka kwenda kula, akaniona. Angeweza kupita, akachuchumaa.

"Kwa nini ulifanya vile, mama?"

"Uliandika Somalia."

"Niliandika ulichosema, kisha ukatoka mbio kabla sijauliza lingine. Baba yako alizaliwa wapi?"

"Sangailu."

"Sangailu hii yetu, ya Kenya?"

"Kuna nyingine?"

"Na kazi yake?"

Nikatazama huku na huku kama kuna anayesikia. Jibu hilo nilikuwa nimelificha tangu vita vianze. Baba yangu alikuwa askari polisi, enzi za Mwingereza, mpaka akastaafu. Nimekulia kambini, ndiyo maana nazungumza nanyi Kiswahili hivi. Lakini askari walipoanza kuchukua mifugo na kupiga watu, katika mtaa wangu ubinti wa askari haukuwa jambo la kusema. Alikuwa ameshafariki, nami kwa kunyamaza nikamzika mara ya pili.

"Alikuwa askari," nikasema kwa sauti ya chini.

"Una karatasi yake?"

Kitabu chake cha utumishi, alichopewa alipostaafu, nilikuwa nimekishonea ndani ya mto wa kulalia. Nilikimbia nyumbani nikaupasua, pamba ikatapakaa chumba kizima. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina lake, jina la baba yake, na mahali alipozaliwa.

Karani akanieleza, nami nawaeleza kama alivyonieleza. Sheria haikuuliza tu mtoto alizaliwa wapi. Iliuliza pia habari za baba. Mtoto aliyezaliwa nje, ikiwa baba yake alistahili uraia, naye anastahili, hata kama baba amefariki. Kisima hakikuwa kosa. Kosa lilikuwa kukikimbia.

Tukaingia pamoja kwa ofisa. Nikakiri uongo wote, sikubakiza. Akakisoma kile kitabu taratibu.

"Mbona hukukileta mwanzo?"

"Niliogopa majirani."

Akakifunga kitabu. "Mke wangu huko kwetu naye huificha kazi yangu, huwaambia watu mimi ni mwalimu," akasema. Akanirudishia kibali, akatia sahihi barua aliyoandika karani ya kunipeleka Nairobi.

Nilisafiri na msafara wa malori, wanajeshi mbele na nyuma. Gurudumu moja likapasuka njiani, tukasimama, kila kichaka kikatutazama nasi tukakitazama. Nairobi nilikaa siku mbili kwenye benchi, kitabu cha baba mapajani. Siku ya tatu nikaitwa jina langu lote, mpaka la babu, nikapewa pasipoti. Meli nilipanda ngazi zikikaribia kuondolewa.

Nilimkuta mume wangu amekonda, macho yameingia ndani. Neno lake la kwanza: "Ngamia umemwachia nani?"

"Kubali wakate," nikamwambia, "ndipo tuzungumze habari za ngamia."

Akakubali. Wakakata. Akapona.

Namshukuru Mungu. Namshukuru karani yule, ambaye chakula chake kilipoa kwa ajili yangu, na ofisa aliyesikiliza baada ya kukasirika. Na wewe mwenye haraka na serikali, nakuusia hivi: sema kweli, kisha ngoja swali la pili. Lisipokuja, liulize wewe mwenyewe. Huenda jibu la kukuokoa ndilo lile unalolionea haya.

Najua hapa wamo waliopoteza mifugo, na waliopoteza watu. Leo ndiyo mara ya kwanza kusema mbele yenu kazi ya baba yangu. Atakayeona vigumu kunisalimu kesho sitamnung'unikia. Lakini alikuwa baba yangu, na alizaliwa Sangailu.