Viatu vya Mlangoni

Ndani ya basi, kiti cha mbele yangu, fundi cherehani alikuwa akimweleza seremala aliyeketi naye kwamba mlangoni kwake huoni kiatu, ndoo wala mwavuli. "Mlango ndio uso wa nyumba, kaka," alisema, kama mtu ambaye hajawahi kujikwaa maishani.

"Kwangu vimejaa, dada. Mama mkwe haoni. Akifika mlangoni anavipapasa kwa mguu, anajua nani yumo. Juzi nilimtoa kliniki, akagusa vya mke wangu, akaniambia, 'Mwenzako karudi hoi, usimseme.' Kuingia, nikamkuta kalala na nguo za kazi."

Fundi akauliza polepole, "Kajuaje?"

"Mke wangu huvipanga. Siku hiyo kimoja kililala ubavu."

"Hata hivyo, iko siku ataanguka. Tengeneza kabati."

"Nilishawahi kutengeneza. Nikavitia vyote ndani, mlangoni pakawa peupe. Mama akasimama kizingitini, akapapasa, akapapasa tena, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, 'Mwanangu, wote wamekwenda wapi?'"

Basi likasimama kituo cha mwisho. Dereva akazima injini, na sisi watatu tukabaki tumeketi.